Upande wa Kina Si Wetu

Wendell Hruska
Nyumba ya kona, Barabara ya Mockingbird
Mtaa wa Larkspur Bend, Texas
Ijumaa, katikati ya Julai

Kwa Mheshimiwa Darlene Pfluger,
Mwenyekiti, Chama cha Wenye Nyumba wa Larkspur Bend

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: WASIO WAKAZI KATIKA BWAWA LETU LA KUOGELEA, NA MENGINE NILIYOYAGUNDUA NIKIWACHUNGUZA

Hujambo, na pole na joto.

Najua unaishi nyumba ya pili kutoka kwangu, na asubuhi hii tu tumepungiana mikono, wewe ukimwagilia maua, mimi nikirudisha pipa la taka ndani kabla ya saa iliyowekwa. Ningeweza kuyasema haya palepale, juu ya ua. Lakini huu ni mtaa wa watu wastaarabu: hatusemezani, tunaandikiana. Barua zako kwangu ninazo zote. Ya nyasi ndefu. Ya sanduku la posta lililopakwa kijani ambacho si kijani chetu. Na ile ya taa za Krismasi zilizoning'inia hadi Pasaka. Zote zilikuwa na adabu, zote zilianza na "Mkazi Mpendwa", na hakuna hata moja iliyonipenda. Leo ni zamu yangu.

Nimesoma tangazo ulilobandika kwenye geti la bwawa. Mpaka sasa, mtu asiye mkazi aliruhusiwa kuingia kama mgeni, mradi avae ukanda wa rangi ya chungwa mkononi, na mwenyeji wake mwenye ukanda wa bluu wa mkazi awe karibu naye. Alhamisi ijayo kamati itapiga kura kwamba asiye mkazi asikanyage kabisa, hata akibebwa mgongoni na mkazi. Tangazo linasema pia kwamba mpima ardhi ataletwa kuonyesha mpaka wetu, kisha uzio mrefu ujengwe upande wa mfereji.

Naunga mkono. Naunga mkono kuliko mtu yeyote mtaani, na hofu yangu ni moja tu: kwamba kamati itaishia njiani. Sheria ni kama mashine ya kukata nyasi. Ukishaiwasha, huchagui jani. Kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa namba, kama kanuni zetu zinavyotaka.

1. Kuhusu Bi. Eulalia Cantú

Tusizungukezunguke. Sheria hii ina sura, na sura yenyewe ni ya Bi. Cantú, mjane mwenye shamba la miti ya njugu za pekani ng'ambo ya mfereji. Ni kweli shamba lile lilikuwepo kabla nyumba yoyote ya mtaa huu haijapata mlango, lakini kuwahi si ukazi. Kila asubuhi huvuka mfereji kwa ubao, na ndala zake, na taulo lenye picha ya jogoo, anavaa ukanda wa chungwa, anaingia majini. Mwenyeji wake ni mimi. Nimeona niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na Bwana Nettleton, mweka hazina wetu.

Unajua kwamba mke wangu Nadine alipatwa na kiharusi wakati wa baridi. Mkono na mguu wa kulia vililala, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: "basi". Ukimuuliza chai, basi. Ukimuuliza kama anaumwa, basi. Daktari alisema maji yangemsaidia, maana majini mguu husahau uzito wake. Nikampeleka bwawani mwezi wa nne. Akayatazama maji, akanitazama mimi, akasema basi, tukarudi nyumbani. Nikampeleka tena. Basi. Mara ya tatu hakushuka hata kwenye gari.

Sasa sikiliza jinsi mgeni anavyoharibu mambo.

Bi. Cantú na mke wangu walikuwa hawasalimiani kwa miaka mingi. Chanzo ni pai ya pekani kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Utepe wa mshindi ulikuwa ukivuka mfereji huku na huko, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwake, na kila ulipovuka chuki iliongezeka kiasi cha kijiko. Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano namwona Bi. Cantú amesimama mbele ya kibaraza chetu, mikono kiunoni. Nikadhani amekuja kutoa pole. Wapi!

"Wewe Nadine," akasema, "umeamua kukaa hivyo ili mimi nishinde bila mpinzani? Nishinde kama mtu aliyeokota? Hata raha ya kukushinda unaninyima?"

Nadine akasema basi.

"Basi nini? Basi umeshindwa? Sema kwa sauti, shoga yangu, majirani wasikie."

Mheshimiwa, mke wangu akakasirika. Tangu baridi sikuwa nimeuona uso wake ukifanya jambo lolote, na sasa ulikuwa umewaka kama jiko. Alipiga fimbo yake chini. Kesho yake alikuwa bwawani, upande wa maji ya magoti, kwa hasira tupu. Bi. Cantú alitangulia kwa kinyumenyume, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Nitazame mimi, usiutazame mguu. Mguu ni kama mume, ukiutazama sana unaringa." Nilikuwepo. Sikuitazama miguu yangu wala yake.

Madhara yake hadi leo ni kama ifuatavyo.

Kwanza, mke wangu anasema. Sentensi yake ya kwanza nzima ilitoka mezani mwezi wa sita, baada ya nusu mwaka wa basi. Nilikuwa nakata nyama. Akaniangalia, midomo ikahangaika kama mtu anayetafuta funguo, kisha akasema: "Wendell, hilo shati ulilivaa jana." Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la taka kwa muda. Ukinikumbuka nimesimama pale nje ya saa zinazoruhusiwa, ndiyo sababu.

Pili, baada ya shati hakukoma. Amegundua nilivyopanga vyombo. Amegundua sufuria ile niliyoiunguza na kuificha gereji. Nyumba iliyokuwa na amani ya kaburi sasa ina amri, maswali na marekebisho kuanzia kahawa ya asubuhi.

Tatu, anacheka. Wawili hao wanacheka majini kwa sauti ambayo, kama nilivyosoma katika kanuni zetu, inazidi ile inayoruhusiwa kwa mashine ya kupuliza majani.

Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na bwawa la kulipia kila mwezi. Wangekuwa nalo wangeona hatari: mwenyeji akipona atataka kuingia tena kesho. Na kweli anataka. Kwa sasa hutembea kutoka ngazi za upande wa maji ya magoti hadi kwenye kamba ya maboya, pale sakafu inapoanza kuteremka kuelekea kina. Hapo husimama. Ameapa kwamba kabla kiangazi hakijaisha atavuka kamba ile. Bila Bi. Cantú havuki, nimejaribu kumshika mimi, akaniambia nashika kama mtu anayebeba friji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba Bi. Cantú afukuzwe kama sheria inavyotaka, na mke wangu arudi kwenye basi yake. Ila ili mtu asije akasema tumemlenga mjane mmoja, inabidi tuendelee na wengine.

2. Kuhusu wasio wakazi wengine ambao kamati imewafumbia macho

Mwokoaji wetu, Bwana Cordell, anayekaa kwenye kiti kirefu akipuliza filimbi, ni mwalimu wa hesabu wa mji wa jirani. Hana nyumba hapa. Hana ukanda wa bluu wala wa chungwa, mkono wake mtupu kabisa, na kiti chake kimo ndani ya uzio. Napendekeza kihamishiwe nje, kwenye maegesho ya magari, naye apewe fimbo ndefu na kipaza sauti. Mkazi akizama, Bwana Cordell anaweza kuandika maombi ya kuingia, na kwa kuwa kamati hukutana kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, jibu halitachelewa sana.

Mtu anayetia dawa ya klorini majini hatoki hapa. Fundi wa pampu hatoki hapa. Mwalimu wa timu yetu ya watoto, aliyetuletea ushindi juu ya mtaa wa Stonegate kwa mara ya kwanza tangu bwawa lichimbwe, hatoki hapa, anatoka Stonegate. Naona ushindi ule tuurudishe.

Bata wawili. Wanakuja kila jioni watu wakiondoka. Niliwauliza kwa heshima kuhusu mwenyeji wao. Dume alinitazama kwa jicho moja kama Bwana Nettleton anavyotazama risiti.

Maji yenyewe. Nimeulizia. Yanatoka mtoni, wilaya nyingine kabisa, yanapita kwenye bomba hadi hapa na kuingia bwawani bila ukanda wowote. Sina hakika tutafanyaje. Najua tu kwamba hatuwezi kuwa na sheria kali kwa Bi. Cantú, ambaye ni mmoja, huku tukiwaachia wageni waliojaa mpaka ukingoni.

Na nisamehe, Mheshimiwa, simtaji kwa ubaya: dada yako, Bi. Gretchen, anayekuja kila Julai na boya lake la waridi lenye umbo la korongo. Dada ni mtu mwema. Mwaka jana alinipa nusu ya sandwichi yake. Lakini yeye ni mgeni, na korongo lile peke yake linachukua nafasi ya wakazi watatu.

3. Nani basi ni mkazi?

Jambo hili limeninyima usingizi wa mchana. Bwana Osgood ana nyumba hapa, kwa hiyo ni mkazi, ingawa tangu ahamie Florida hajaonekana, na kanda zake nne za bluu zimelala kwenye droo ya nyumba anayoipangisha. Familia ya Adeyinka inaishi katika nyumba hiyohiyo, inalala humo, inapika humo, harufu ya pilipili yao inafika kwangu na kunipa njaa, lakini wao ni wapangaji, kwa hiyo kanda wanaazima. Kwa maana nyingine, anayeishi hapa si mkazi, na mkazi haishi hapa. Nimelikubali hilo. Mtu akiishi muda mrefu chini ya Chama chetu, akili yake hunyooka yenyewe kama nyasi.

Sasa naomba ukae chini, maana linalofuata ni zito.

4. Kuhusu upande wa kina

Jumatano asubuhi nilipompeleka Nadine bwawani nilikuta vibendera vya plastiki, vile vidogo vya rangi ya chungwa vyenye mguu wa waya, vimechomekwa kwenye nyasi. Vilianzia barabarani, vikaja vimenyooka hadi kwenye uzio wa bwawa upande wa mashariki, vikakoma. Nikazunguka. Upande wa magharibi, karibu na mfereji, vikaanza tena. Nikasema moyoni: mpima ardhi wa Mwenyekiti amefika. Huu ndio mpaka wetu.

Mtu mwingine angeondoka hapo. Mimi niliwahi kusambaza mikate kwa gari katika wilaya nzima, na nimejifunza kwamba barabara ikikatika hapa na kuanza tena pale, imepita mahali. Nikaenda gereji, nikaleta uzi wa kufungia miche ya nyanya. Bwana Cordell, ambaye wakati huo hakuwa na mtu wa kuokoa, alinishikia ncha moja kwenye bendera ya mwisho ya mashariki. Mimi nikaibeba nyingine hadi bendera ya kwanza ya magharibi. Tukauvuta ukanyooka.

Mheshimiwa, uzi ulipita juu ya maji.

Ulipita pale kwenye kamba ya maboya. Ngazi za maji ya magoti, bomba la kunawia miguu na mashine ya soda viko kwetu. Lakini upande wote wa kina, pamoja na ngazi ya chuma, ubao wa kurukia, na ile alama ya "Usikimbie", viko nje ya Larkspur Bend. Viko katika shamba la marehemu Bwana Cantú.

"Mzee Wendell," Bwana Cordell akaniambia, huku ameshika uzi kama mtu aliyeshika nyoka, "hii ina maana gani?"

Nikamwambia ina maana sisi ndio wasio wakazi.

Fikiria matokeo yake. Kila mkazi anayevuka kamba ile na ukanda wake wa bluu anaingia nchi ya watu bila kibali. Anayeruka kutoka kwenye ubao anaondoka ugenini, anapita hewani ambako sijui ni kwa nani, na anatua ugenini; hana kosa jipya, lakini na la zamani halijamtoka. Mbaya zaidi ni huyohuyo Bwana Hollis Nettleton. Kila Sikukuu ya Uhuru hujikunja kama furushi na kujiachia kutoka kwenye ubao, watu wakapiga makofi. Mwaka huu wimbi lake lilifika hadi kwenye viti vya upande wetu. Yaani maji ya Cantú yalihamishwa kwa nguvu kuja Larkspur Bend, mbele ya mashahidi, na mtunza fedha wa Chama.

Niliona ni uungwana kumjulisha mwenye mali. Nikavuka mfereji kwa ule ubao wake. Bi. Cantú alikuwa anafagia majani chini ya miti yake.

"Upande wa kina?" akasema. "Wote?"

"Wote."

"Na ile ngazi?"

"Na ngazi."

Akaegemea ufagio, akafikiri. "Wendell, funga mdomo wako huo. Wakijua ni wangu wataniambia niusafishe."

Nikarudi nyumbani. Lakini lazima alilala akaliwaza, maana jana amekuja na kiti chake cha kukunja, akapita kwenye ngazi za maji ya magoti bila hata kuziangalia, akakaa chini ya ubao wa kurukia kama mtu aliyefika kwake. Bwana Cordell alimsogezea mwavuli.

5. Maombi yangu

Kwa kuwa sheria ni sheria, naomba yafuatayo.

Uzio ulioahidiwa ujengwe palipo na mpaka, yaani katikati ya bwawa, kwenda chini hadi sakafuni. Kama kamati itapenda kuweka mlango, uwe chini ya maji, na uwe wa kijani kile kinachoruhusiwa.

Kamati imwandikie Bi. Cantú kuomba kanda za ugeni kwa ajili yetu sote, tukieleza jina, nyumba, na sababu ya kutaka kuingia kwenye kina. Nashauri barua ianze na "Mkazi Mpendwa".

Kwa mujibu wa kanuni yetu wenyewe, mgeni lazima awe na mwenyeji karibu naye. Mwenyeji wa upande ule ni mmoja tu katika dunia nzima. Itabidi basi Bi. Cantú awepo bwawani kuanzia geti linapofunguliwa hadi linapofungwa, kila siku, ili wakazi wa Larkspur Bend waweze kuogelea kihalali. Najua hili linapingana kidogo na ombi langu namba moja kwamba afukuzwe. Nimelifikiria pande zote, na naona suluhisho ni afukuzwe upande wa maji ya magoti na ashurutishwe kubaki upande wa kina. Kwa kuwa hana njia ya kufika huko ila kupitia kwetu, kamati inaweza kumruhusu apite juu ya ubao wa kurukia kwa kutokea angani.

Mwisho, naomba kura ya Alhamisi iahirishwe, si kwa faida yangu, bali kwa sababu si haki taifa moja kupiga kura juu ya bwawa la taifa lingine.

Nina imani utaliangalia jambo hili kwa jicho lilelile linaloona nyasi zangu kutoka madirishani kwako. Nisalimie Bwana Pfluger na goti lake. Nisalimie Bi. Gretchen na korongo. Nisalimie wanakamati wote, hata Bwana Nettleton, mwambie simdai maji. Nadine anakusalimu pia. Amelitamka jina lako lote, Darlene Pfluger, na lile la ukoo limemtoka vizuri kuliko linavyonitoka mimi, nami ulimi wangu ni mzima.

Wako katika kanuni, kwa ukanda wa bluu,

Wendell Hruska

Tanbihi ya Jumatatu. Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana bahasha imekunjamana.

Asubuhi hii nimemkuta mama mmoja mwenye kofia ngumu anang'oa vile vibendera na kuvichomeka upya. Nikamwambia kwa heshima kwamba anavunja mpaka wa Larkspur Bend. Akaniangalia. "Mpaka gani, babu? Hizi ni za waya wa intaneti. Tunaweka alama ili watu wa uzio wasije wakaukata." Nikamwonyesha uzi wangu, na jinsi unavyopita juu ya bwawa. Akacheka mpaka kofia ikateleza. "Waya unazunguka nyuma ya vyumba vya kuvalia. Bendera zake zile pale, hukuziona? Nani apitishe waya chini ya bwawa?" Nikaenda nyuma ya vyumba vya kuvalia. Zilikuwepo, zimepiga kona kama watu wenye akili. Mpima ardhi wako hajafika hata kidogo.

Kwa hiyo bwawa lote ni letu, kina na magoti, na naomba barua iliyo hapo juu ihesabiwe kuwa haikuandikwa, isipokuwa zile salamu.

Tatizo ni kwamba Bi. Cantú alikuwa ameshaamini. Na Jumamosi mtaa mzima uliamini naye, maana Bwana Cordell si mtu wa kutunza siri. Ulikuwepo, lakini labda kutoka ulipokaa hukusikia yote. Bwana Nettleton alisimama kwenye kamba ya maboya na kusema, "Bi. Eulalia, naomba kuingia nchini."

"Umekuja na nini?"

"Na tumbo hili tu."

"Pita. Lakini polepole, usinimwagie nchi."

Wakapita wote. Akina Adeyinka walipita, watoto wa Stonegate waliokuja na mwalimu wao walipita, Bi. Gretchen alipita na korongo lake. Siku zote alizodhani upande ule ni wake, Bi. Cantú hakumzuia mtu hata mmoja. Aliweka sheria moja tu, akaitangaza kutoka kwenye kiti: asiyejua kuogelea ashike mkono wa anayejua. Kisha akainuka akaingia majini mwenyewe, akaja hadi kwenye kamba, alipokuwa amesimama Nadine.

"Huku ni kwangu," akamwambia. "Karibu."

Nadine akatikisa kichwa. Midomo ikahangaika. "Pai yako," akasema, "ina sukari nyingi."

"Njoo uniambie ukiwa huku."

Akaenda, Mheshimiwa. Alishika mkono ule, sakafu ikamwacha, na ule mguu uliolala tangu baridi ukapiga maji. Niliona watu wengi wakitazama pembeni. Nawe nilikuona, umekaa kwenye ngazi ya chuma, miguu majini, unakula tikiti maji la Bi. Cantú. Hukuwa na ukanda.

Sasa sijamwambia Bi. Cantú kwamba si kwake. Nimevuka ule ubao wa mfereji leo mara mbili, mara zote nikarudi na mfuko wa pekani. Kura ya Alhamisi ikipita, mtu itabidi amwandikie kumjulisha mambo mawili: kwamba upande wa kina umerudi kwetu, na kwamba yeye haruhusiwi tena kuuingia. Barua ya namna hiyo si kazi ya mkazi wa kawaida. Ni ya Mwenyekiti.

Ila miwani ya Bi. Cantú ilimdondoka Jumamosi, iko chini kabisa kwenye kina, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumsomea. Nadine amejitolea. Anasema usiogope kutumia maneno marefu, ndiyo mazoezi anayoyahitaji sasa.